Sauti ya Mlangoni

"Mtoe hapo mbele!"

Mama yule alizivua hedifoni, akazitupa juu ya meza kama zimemuunguza. "Nimesema mtoe. Niseme mara ngapi?"

Fundi sauti alitazama saa. Ilikuwa saa kumi na nusu. Saa kumi na moja wimbo ulitakiwa uwe umetumwa kwa kampuni inayourusha mtandaoni, na ukishatoka, umetoka. Ilikuwa imebaki idhini tu. Akina mama walioimba wimbo huo miaka thelathini na moja iliyopita walisema watamtuma mwenzao mmoja aje kuusikiliza. Wamemtuma huyu. Tangu aingie hajasalimia. Kitu cha kwanza alichofanya ni kulifunika kasha la kanda kifudifudi, picha ya ujana ya Chiriku, muimbaji mkuu, ikatazama meza.

"Mama, hii ni sauti ya pande zote," fundi alisema, akijikaza asifoke. "Msikilizaji anakuwa kama amekaa katikati yenu. Ngoma kushoto, gitaa kulia, waitikiaji nyuma. Akigeuza kichwa, kila mtu anabaki mahali pake. Sasa muimbaji mkuu nimuweke wapi kama si mbele?"

"Mlangoni."

"Mlangoni?"

"Nyuma, kushoto, karibu na mlango. Sauti hiyo ilitokea pale. Mimi nilikuwepo. Wewe ulikuwepo?"

Kwenye kompyuta kulikuwa na mchoro wa kichwa cha mtu, na vidoti vya rangi vimekizunguka. Kidoti chekundu, cha muimbaji mkuu, kilikuwa mbele ya pua kabisa.

"Chiriku mzima nikamuweke mlangoni kama kandambili?"

"Usinichekeshe, binti. Sijaja kucheka."

Sasa fundi naye damu ikamchemka. Wimbo huu alikua nao. Hata mwanawe wa miezi minne humwogesha akiuimba huo huo. Wiki mbili nzima alikuwa akiisafisha ile kanda, maziwa yakimlowesha kifua huku mtoto yuko kwa bibi yake. Leo anakuja mtu na kijicho chake cha enzi hizo.

"Nikwambie ukweli, mama? Mliimba wengi, akatoka jina mmoja. Inauma, naelewa. Lakini simshushi mtu ili kijicho cha mwingine kipoe."

Mama alipiga meza, chai ikamwagika.

"Kijicho? Uongo huu nimeusikia ukitoka mbele miaka thelathini na moja. Leo mnataka unizunguke!"

"Basi niambie, kwa nini muimbaji mkuu asimame mlangoni?"

"Kwa sababu alikuwa na mtoto mgongoni. Miezi mitatu. Kiongozi akasema huyo mtoto akilia tu, atolewe nje haraka, kanda isiharibike."

"Chiriku hakuwa na mtoto. Dunia nzima inajua."

"Haswa," alisema mama.

Fundi aliigeukia kompyuta. Alikumbuka kitu. Katika sauti ile ya mbele, baada ya ubeti wa pili, kulikuwa na kelele ndogo. Yeye alidhani ni kiti, akaifuta. Akairudisha sasa, akaipandisha, akabana hedifoni masikioni.

*Nnh.*

Halafu tena, *nnh*, na nyuma yake vishindo laini vya kiganja, vikienda na mdundo. Hakikuwa kiti. Alilijua guno hilo, la mtoto mchanga anayetaka kuamka. Alivijua na vile vishindo, maana asubuhi ile ile alikuwa amempigapiga wake matakoni vivyo hivyo ili alale.

Alikivuta kidoti chekundu, akakizungusha hadi nyuma, kushoto. Akabonyeza.

Sauti ikatoka mlangoni. Waitikiaji, ambao wiki mbili hizo walikuwa kama wanamjibu mtu asiyekuwepo, ghafla wakawa wamemgeukia mwenzao.

"Mwenye mtoto hakuitwa kwenye picha," mama alisema. Hasira yake haikuwa imepoa. Ilikuwa imeshuka chini tu, ikitokota. "Wala kwenye safari. Wala kwenye chochote."

"Nisamehe, mama yangu." Macho ya fundi yalikuwa yamelowa. "Lakini huyo Chiriku ni mtu wa namna gani? Anapanda jukwaani, anapigiwa makofi kwa koo la mwenzake, anarudi nyumbani analala usingizi? Hana haya hata kidogo!"

"Hana."

"Mwizi!"

"Endelea. Humkosei."

Fundi alipangusa macho kwa mkono, akavuta fomu kutoka kwenye droo. "Hapana, hili tunalimaliza leo leo. Jina linabadilika. Niandike nani?"

Mama alilitaja jina polepole, herufi kwa herufi, na fundi akaliandika kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote, juu kabisa, palipoandikwa *Muimbaji Mkuu*. Kisha macho yake yakashuka chini ya karatasi, na kalamu ikasimama.

"Aa! Kuna shida." Akaangalia saa, zilibaki dakika kumi na mbili. "Anayeondolewa jina lazima akubali kwa saini yake. Bila hivyo hawapokei, wanarusha na lile la zamani. Sasa huyo Chiriku tutampata wapi saa hizi? Na hata tukimpata, atakubali?"

Mama aliivuta fomu, akampokonya fundi kalamu, akatia saini yake mwenyewe kwenye mstari wa Chiriku kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka.

"Sasa mpigie mdogo wangu simu," alisema. "Mwambie wimbo wake unatoka leo."