Njoo Unichukue Mwenyewe

Kadiri upepo ulivyopungua, ndivyo Mawingu alivyozidi kutokwa jasho.

Kwenye rada, jicho la kimbunga lilikuwa limefumba tangu asubuhi. Lile duara jekundu lililowanyima usingizi wiki nzima lilikuwa limechanika vipande vya manjano, likijikokota kuelekea pwani. Redio ilishatangaza kwamba kimbunga kimeishiwa nguvu. Watu waliokuwa wamehamia shuleni, juu kilimani, walianza kurudi ufukweni na magodoro kichwani. Methali ya asiyesikia la mkuu waliijua vizuri, ila redio ina sauti tamu zaidi.

"Wamesikia habari za upepo," alisema mkuu wa kituo cha hali ya hewa, akiwa dirishani. "Za maji hawakuzisikia."

Hilo ndilo lililomtoa Mawingu jasho. Upepo ukifa, haufi pamoja na maji. Kimbunga kilikuwa kimeisukuma bahari mbele yake kwa siku kadhaa, na leo ni bamvua, maji yanajaa kuliko kawaida. Nyumba ya kwanza kukutana nayo ingekuwa ile ya bati la buluu, mwisho wa barabara ya ufukweni. Humo alikuwamo mama, peke yake, na miguu mibovu na kichwa kigumu.

Mawingu aliinua simu. Wenzake walimpa jina hilo kwa kuwa hata chakula alikila akitazama juu, lakini sasa alitazama meza. Alijikohoza, akaishusha sauti, kama alivyofanya kila Jumapili akimpigia.

"Mama, hujatoka bado?"

"Nitoke niende wapi? Redio imesema kimekufa."

"Kilichokufa ni upepo. Maji yanakuja, mama. Gari la manispaa halikufika hapo?"

"Lilifika. Dereva nikampa chai, akanywa, akaenda zake."

"Utakufa, mama."

"Basi njoo unichukue mwenyewe, baba. Miaka mitatu unanipa sauti tu. Sauti haibebi mtu mgongoni."

"Siwezi kuacha kazi. Unaijua kazi yetu."

"Naijua sana. Haya, mimi nipo." Akakata.

Mawingu alimpigia dereva wa manispaa. Dereva alisema amerudi kule mara ya pili, akakuta mlango umefungwa kwa komeo. "Anasema hatoki mpaka aje mwanawe. Mimi nina watoto, bwana. Sirudi tena."

Mkuu wa kituo alikuwa amesikia yote. Alivuta kiti, akakaa karibu naye.

"Mwambie ukweli," alisema.

"Ukweli utamuua kabla ya maji. Moyo wake hauwezi."

"Ndivyo tulivyosema mwaka juzi. Na mwaka jana tukasema hivyo hivyo."

Mawingu alitazama nje, kwenye gati walilokuwa wakipimia maji, au tuseme nguzo zake zilizobaki tangu kimbunga cha miaka mitatu iliyopita kilipolibeba. Povu lilikuwa limeanza kuzilamba kwa juu. Kipimo kipya kilichofungwa ukutani kilipanda taratibu, kisha kikaanza kupanda bila adabu.

Aliogopa. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa kimbunga chochote, na aliona aibu, maana hayakuwa maji aliyoyaogopa.

Mkuu aliweka funguo za gari mbele yake. "Nenda. Rada nitaitazama mimi."

"Nitamwambia nini?"

"Mtoe kwanza. Maneno hayazami."

Koti la mvua la Mawingu lilikuwa bado linachuruzika tangu asubuhi. Nyuma ya mlango lilining'inia jingine, refu, ambalo hakuna aliyekuwa akiligusa. Mawingu alisita, kisha akalivaa. Mikono yake ilimfunika vidole na pindo likamfika kwenye vifundo vya miguu.

Barabarani alipiga honi mpaka kiganja kikauma. Aliwapungia watu wenye magodoro warudi walikotoka, nao wakampungia kwa furaha, wakidhani anasherehekea pamoja nao. Alitoa kichwa dirishani akapiga kelele za maji, maji, mpaka sauti ikamkauka. Wachache waligeuka. Alipokaribia bati la buluu, matairi yalikuwa yakikata maji, na viatu vya mtu vilikuwa vikielea peke yao katikati ya barabara.

Aligonga mlango kwa ngumi. Ndani, kiti kiliburutwa sakafuni.

"Nani?"

Alitaka kuishusha sauti kama kawaida. Koo lilikataa.

"Ni mimi," akasema, kwa sauti iliyobaki.

Komeo lilivutwa. Mama alikuwa amesimama na viatu miguuni, kilemba kimefungwa vizuri, na mkoba wa nguo begani. Alionekana kuwa tayari tangu asubuhi. Maji yalipita katikati yao yakaingia sebuleni, naye hakuyatazama. Alimtazama Mawingu, akamtazama kwa muda mrefu, kisha akanyoosha mkono akaishika kola ya koti. Kidole chake kilitafuta kiraka kidogo kilichoshonwa kwa uzi wa kijani, kikakipata bila shida.

"Mama," Mawingu alianza.

"Nilijua tu tangu kwenye simu kwamba wewe ni mfupi," alisema mama, akamwegemea bega. "Twende, baba, maji yanakuja. Njiani utaniambia mwanangu alikufaje."