Majibu ya Tam Rennie

Shona Baird alijifungia chooni, akafungulia bomba ili asisikike akijizoeza kusema sentensi moja. Kila alipoifikisha katikati aliianza upya.

Katika chumba cha mazungumzo, Tam Rennie alikuwa amekwishafika. Amenyoa ndevu, ameketi wima, kofia iko magotini. Hakuwa amechelewa hata siku moja. Na leo ndiyo ilikuwa siku yake ya mwisho, kwani huduma ya kituo anachofanyia kazi Shona ni ya majuma mawili tu: mtu aliyelemewa moyoni analetwa na daktari au polisi, anasikilizwa, anashikwa mkono mpaka asimame, kisha anaachiwa. Tam aliletwa na polisi. Walimkuta kwenye gati la Greenock, mji huu wa bandari wa Uskoti, mvua inamnyeshea, anayatazama maji kwa namna waliyoielewa.

Sasa alikuwa amesimama. Kila Shona alipomuuliza hali, alijibu kama anavyojibu kila mwanamume wa mji huu, hata aliyevunjika mguu: siyo mbaya. Alilala vizuri. Alikula. Alitafuta kazi. Utani nao ulirudi. Juzi alisema biskuti zao ni ngumu kuliko mabamba ya meli aliyokuwa akiyachomelea. Wenzake Shona walimpongeza, na kila pongezi ilimchoma.

Maana miaka michache nyuma Shona hakuwa na kazi hii ya huruma. Alikuwa sauti ya simu katika ofisi ya posho za wasio na kazi. Waliofunga karakana za meli walipewa vyeo. Waliozijenga meli wakapangwa foleni mbele ya watu kama yeye. Pale, aliyesema amechoka aliandikwa mvivu, na aliyesema hapati usingizi aliandikwa hayuko tayari kwa kazi. Asubuhi moja mtu alipiga simu kueleza kwamba alikosa miadi kwa sababu alikuwa akimzika mkewe. Shona alimpa pole, kwa sauti hii hii laini, kisha akamkatia posho. Mtu huyo aliitwa Thomas Rennie, Tam kwa kifupi.

Siku jina lile lilipomfikia tena hapa kituoni, angeweza kumwachia mwenzake amhudumie. Aliona haya kueleza sababu. Sasa akinyamaza, Tam ataondoka akimshukuru. Akisema, huenda akambomoa mtu aliyeanza kusimama, na safari hii polisi wachelewe.

Alifunga bomba, akaenda chumbani, akamimina chai. Akamsogezea Tam kikombe.

"Vipi leo, Tam?"

"Siyo mbaya, binti yangu. Nalala, nakula. Niko tayari kwa kazi yoyote."

Shona akamwambia yote: ofisi, simu, maziko, posho. Hakujitetea, wala hakuwataja wakubwa waliomwagiza.

"Sauti ile ilikuwa yangu," alimalizia. "Nilitakiwa nikwambie siku ya kwanza. Niliona aibu."

Tam hakushtuka. Alikigeuza kikombe chake polepole, akakitazama kana kwamba ndicho kilichosema.

"Niliijua sauti yako siku ya kwanza hapa, uliponipa pole tu," alisema. "Ndiyo maana nikawa nawahi, nakujibu mnavyopenda kujibiwa ninyi watu wa posho. Kwani wewe ulidhani nimepona?"