Uso Uliotoka Rafuni

Uso wa Orrin Pike haukuwepo rafuni.

Nyuso nyingine zote zilikuwepo, nyeupe, zimefumba macho, zimepangwa ukutani kwenye chumba cha vipodozi. Kila mwigizaji mwenye mkataba na kampuni ya filamu alipakwa plasta usoni, na umbo lake likawekwa pale ili mafundi walipimie ndevu na makovu ya bandia. La Pike lilikaa miaka mingi kando ya mama mmoja wa vichekesho. Sasa palibaki alama tupu kwenye vumbi.

"Uso wangu uko wapi, Tibor?"

Tibor, fundi wa vipodozi, alikuwa akiosha brashi. Hakugeuka. "Ulipata ufa. Nimeupeleka ukatengenezwe."

"Tangu lini kazi yako inatengenezwa na mtu mwingine?"

"Kaa chini, mzee. Nikupake poda, wanakusubiri."

Pike akakaa. Mwaka ule, kila mtu Hollywood alijua maana ya uso kutoka rafuni. Wa Carl Voss ulitoka Jumatatu, baada ya jina lake kutajwa mbele ya ile kamati ya Washington iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti. Kufikia Ijumaa mtu mwingine alikuwa amevaa koti lake mbele ya kamera. Siku hizi Voss anauza sabuni nyumba kwa nyumba, na marafiki zake wakimwona dirishani wanajifanya hawapo.

Isingekuwa filamu hii, Pike angevumilia. Miaka thelathini alikuwa jambazi anayepigwa risasi kabla watazamaji hawajamaliza bisi zao. Sura yake waliijua, jina hawakulijua. Sasa, uzeeni, ndipo alipopewa kuwa jaji, mtu mwenye maneno, mtu wa filamu nzima. Na mambo yalianza vizuri: alitia saini, fundi nguo akampima mabega, daktari wa bima ya filamu akamsikiliza kifua weee, kisha akamtania kwamba ana moyo wa punda. Kazi hii aliitaka kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka, na sasa aliogopa kwelikweli.

Mbele ya kamera mambo yalizidi kuwa ya ajabu. Mwongozaji alitangaza kwamba sehemu zote za jaji zitapigwa picha kwanza, hukumu ya mwisho ikitangulia. Kisha kamera ikasogezwa karibu kabisa na pua yake.

"Tazama kushoto, Orrin. Kulia. Cheka. Sasa ogopa."

"Niogope nini?"

"Chochote. Hizi ni za akiba tu."

Watu waliozoea kumtania kutwa nzima, leo walikuwa wapole. Mama wa jikoni alimletea keki bila kuombwa. Na kule nyuma ya taa, jamaa mmoja wa kimo cha Pike alikuwa akitembea huku na huku, akiburuta kidogo mguu wa kushoto. Pike ndiye aliyeburuta mguu namna ile.

Hakusubiri zaidi. Akiwa bado na joho la jaji mwilini, akapanda moja kwa moja ofisini kwa Garrity, bwana mkubwa wa kampuni.

Zamani, wakati wa vita vya Hispania, marehemu mkewe alikuwa akimvuta kwenye mikutano ya kuchangia mayatima, ambayo siku hizi iliitwa ya wakomunisti. Tibor, aliyekuwa ametoka Hungaria mikono mitupu, alikwenda nao mara moja, kwa sababu palikuwa na supu. Hakukuwa na jingine. Lakini wakati huu majina ndiyo yaliyotakiwa, na aliyemtaja mwenzake aliachiwa kazi yake.

"Kama ni ile mikutano," Pike alisema, "mimi sikujipeleka. Nilipelekwa."

Garrity aliweka sigara chini. "Mikutano gani?"

"Ya Hispania. Aliyenipeleka ni Tibor. Tibor wa vipodozi."

Garrity alimtazama, huruma na kinyaa vikipishana usoni. "Hakuna aliyekuuliza, Orrin," alisema. "Lakini nikishasikia siwezi kujifanya sijasikia." Akanyanyua simu kuwaita walinzi. "Rudi kazini. Jaji ni wewe."

Jaji ni yeye! Pike alishuka ngazi mbiombio kama mtoto, pumzi zikamwishia, ikambidi asimame kidogo ashike ukuta. Aibu ilimchoma, lakini furaha iliizidi. Atamtafutia Tibor kazi mahali, alijiambia. Hatamwacha hivihivi.

Akausukuma mlango wa chumba cha vipodozi, ukajifunga nyuma yake. Kitini alikaa yule jamaa wa kuburuta mguu, na Tibor alikuwa akimbandika sura ya mpira: mashavu ya Pike, pua ya Pike, kidevu cha Pike. Lile umbo la plasta lilikuwa mezani, zima, halina ufa wowote.

"Kumbe ni wewe!" Pike alifoka. "Asubuhi unanipaka poda, mchana unagawa uso wangu!"

"Hukutakiwa kuona." Macho ya Tibor yalikuwa mekundu.

"Jaji ni mimi! Garrity kaniambia sasa hivi, kwa mdomo wake!"

"Ni wewe, ndugu yangu. Walitaka kukutoa, nikampigia Garrity magoti. Nikamwambia, mwacheni aanze, mimi nitawatengenezea mtu wa kumalizia filamu, na hakuna atakayejua." Tibor alimshika mkono. "Filamu inaisha Krismasi, Orrin. Daktari wa bima anasema wewe hutafika Oktoba."

Mlango ukagongwa. Tibor akajifuta machozi kwa kiganja, akaenda kufungua.