Nungunungu Akataa Kutupa Mashine

Kipanga alipoanza kuwarushia wanyama gemu kutoka mawinguni, wote walitupa mashine zao za kuchezea gemu mtoni. Nungunungu peke yake alikataa. Yake aliinunua kwa kuuza miiba ya mgongoni mwake, na mgongo ulikuwa bado unauma.

"Bibi, hilo dude ni la makumbusho," Kipanga alimcheka. "Tucheze gemu ya mpira. Nikikufunga, nalo liende mtoni."

"Na nikikufunga mimi?"

"Libaki. Lakini nani amewahi kunifunga?"

"Basi tucheze kwangu, kwenye dude lenyewe."

Kipanga alikubali upesi. Wanyama wakajazana shimoni kwa Nungunungu.

Mchezo ulipoanza, mchezaji wa Kipanga alipiga shuti kabla mpira haujafika mguuni. Kona ikapigwa, akaruka mapema, mpira ukampita akiwa tayari chini. Huko mawinguni amri ya kidole huchelewa kufika, naye Kipanga alishazoea kubonyeza kabla ya wakati. Hapa ilifika papo hapo. Alifungwa matano.

"Mashine yako ina haraka!" alifoka.

"Haina haraka, mwanangu. Inakutii, ila wewe hujazoea kutiiwa."

"Mimi nina gemu elfu! Wewe unayo moja!"

"Moja, na ni yangu. Siku ukihama na mawingu yako, hawa watacheza nini?"

Kipanga aliing'ang'ania pedi ya kuchezea. Nungunungu akanyoosha mkono.

"Hapa aliyefungwa anaachia pedi. Nani anafuata?"

Foleni ilianzia shimoni, ikaishia mtoni, pale pale walipotupa mashine zao.