Ulimi wa Ndoano

Kitendawili! Semeni tega. Ina mdomo na ulimi, haili, lakini hubeba mti mzima. Mmeshindwa? Ni ndoano ya kreni. Ulimi wake ni kile kifungio cha chuma kinachozuia mkanda wa kuinulia mzigo usichomoke.

Basi siku hizi ulimi huo haufungi mpaka ndoano ipige simu nyumbani kwa dereva na kuuliza, "Nani anamngoja?" Lazima ajibu mume au mke, tena ajibu kweli, maana uongo inautambua. Jirani yetu Kitwana alipofiwa na mkewe, kazi ya kreni ikaishia hapo.

Juzi mjukuu wangu Sikudhani aliitwa kuondoa mkaratusi ulioinamia paa la zahanati. Upepo ulikuwa mkali. Mti ukavishwa mkanda, na simu ikalia jikoni kwetu.

"Nani anamngoja Sikudhani?"

Mumewe, Chande, akakazia macho sufuria ya maharage. Asubuhi walikuwa wamegombana, kisa Sikudhani kamlia kiporo chake cha wali.

"Mimi namngoja!" nikadakia.

"Ahsante bibi, ila hukuulizwa wewe," ikasema ndoano.

"Wee Chande, mti uwaangukie wagonjwa kwa ajili ya wali?"

"Wa nazi, bibi!"

Nikacheka. Ndoano ikauliza tena. Chande akaweka mwiko chini, akaisogelea simu.

"Namngoja mimi," akasema. "Arudi mzima, aje anipikie mwingine."

Kwenye simu nikausikia ulimi ukijifunga: ka!