Aliyeandikwa Ndighiri

Wakesho alifika kwa mama yake na chupa ya uji, akaweka kidole mlangoni, na mlango ukamkataa. Siku hizo milango iliwafungukia ndugu tu, na ndugu walikuwa wale ambao programu ya ukoo iliwaandika mahali pamoja. Kijiji chenye majina mawili kilihesabiwa kuwa vijiji viwili.

Kaka yake, Mwadime, ndiye aliyetunza kumbukumbu za familia, kwenye simu ya mama. Alimjibu kutoka dirishani.

"Mimi na mama tumeandikwa Mwangaza. Wewe umeandikwa Ndighiri."

"Kaka, si kijiji kile kile? Kilibadilishwa jina tu. Nirekebishie."

"Nikurekebishie uje tugombanie nyumba? Nenda kwenu."

Wakesho alikaa barazani mpaka Mwadime alipotoka kwenda dukani. Alimpita kama anayepita jiwe. Ndipo mama akajikokota hadi dirishani, akapitisha simu yake katikati ya nondo.

"Niandike kama wewe," akasema. "Nilikuzaa Ndighiri."

Wakesho akafuta Mwangaza kwenye jina la mama, akaandika Ndighiri, na mama akathibitisha kwa kidole. Mlango ukafunguka.

Mwadime aliporudi, mlango ulimkataa. Aliupiga ngumi, akatukana, kisha akaanza kumwita mama yake kwa sauti ya mtoto.

"Mwandike na kaka yako," mama akasema.

"Kunywa uji kwanza, mama," Wakesho akajibu, akaitia simu mfukoni mwake, akamnyooshea kijiko cha uji.

Mama alimtazama, akafumba mdomo, na kijiko kikabaki hewani.