Kitenge cha Kiti cha Nyuma

Siku ya pili ya kulitafuta gari, Chadrack aliamka kabla ya mkewe, akachomoa kitenge chake kizuri kwenye kamba, akakitandika kwenye kiti cha nyuma cha teksi yake. Akakichomeka pande zote, akakikaza. Kisha akabandika karatasi yenye maneno "Yesu Ni Jibu" juu ya alama ya mviringo iliyokuwa kwenye dashibodi. Akarudi nyuma hatua chache, akatazama. Peugeot 504 ile kuukuu sasa ilifanana na gari la mtu yeyote.

Jana yake, Mama Albertine alikuja kwenye kituo cha teksi karibu na soko, akazipita Toyota zote zilizojipanga, akaingia kwa Chadrack, akafunga mlango, akasema, "Mwana, unipeleke ku mutaa wa Panda. Ninatafuta motokari ya bwana yangu."

Njiani akaieleza. Peugeot 504, rangi ya maziwa. Mbele, kwenye dashibodi, medali ya mviringo ya Bikira Maria. Kwenye kiti cha nyuma, kitundu alichokichoma binti yake Marlène kwa mshumaa wa Pasaka, akitoka kanisani. Marehemu Georges, mumewe, alimwazima rafiki gari lile aende kwenye kilio Kolwezi, na hadi leo hakurudi rafiki wala gari.

"Georges hakuiuzisha," alisema Mama. "Mutoto wangu Évariste anasema motokari ya kuazimwa haina mwenyewe mwingine. Siku ya posho, Jumamosi, atatoka Lubumbashi, atakuja na polisi. Anataka kuiweka mu parcelle yake, mbele ya nyumba, bantu baangalie."

"Atatembea nayo?"

"Hapana. Baangalie tu."

Chadrack alihisi kiti kinamuunguza. Alilinunua gari lile Kambove likiwa mzoga, kuku wakitaga ndani, kwa mtu aliyeapa kuwa ni lake. Alilitia injini ya Toyota, akalipaka bluu, na tangu hapo ndilo lililomlisha yeye, mke na watoto. Évariste akilichukua, jiko lao litazimika.

"Pole, Mama," akajibu. "Hiyo motokari, minye siyaiona hata siku moja."

Basi asubuhi hiyo ya pili Mama alipoingia, alikipapasa kitenge.

"Leo motokari imevaa sawa bibi-arusi."

"Ni juu ya vumbi, Mama. Vumbi ya Kapolowe."

"Unafanya muzuri. Ile vumbi haina heshima."

Kapolowe hawakupata kitu ila nyanya. Mama alinunua ndoo nzima, nusu akampa Chadrack, "ya batoto." Walipokuwa wakirudi, waliona mwanamke amesimama kando ya barabara na mtoto mwenye homa mgongoni. Chadrack alisimama bila kuombwa. Mwanamke akaingia, akauvuta mlango wa nyuma, wa pekee unaofunguka. Haukufunga. Akauvuta tena. Mlango ule una kiburi chake: usipouinua kidogo kwanza, haufungi, na abiria hawalijui hilo. Chadrack akashuka, akazunguka, akamfungia kama anavyowafungia wote. Akawafikisha mpaka zahanati, asitake kitu.

Mama aliwatazama mpaka wakaingia.

"Ya Georges pia ilikuwa vile," alisema mwishowe. "Haikujua kupita mugonjwa."

Chadrack akajifanya anakwepa shimo.

Siku ya kwenda Mulungwishi alibadilisha vifuniko vya magurudumu. Siku iliyofuata akatundika shanga kwenye kioo. Mama alisifu kila kitu. Hakuonekana kuwa na haraka. Kila walipofika aliuliza maswali mawili matatu, akakaa sana kula mihogo na karanga, halafu akarudi kwenye kiti chake, akaegemea, akafumba macho na kutabasamu. Chadrack alimwonea huruma. Mama mwema namna ile, na yeye anamzungusha hivyo! Zaidi ya mara moja alifungua mdomo aseme ukweli, akawakumbuka watoto, akaufunga.

Jumamosi wakamkuta Évariste langoni kwa mama yake, na jeep nyeupe, na polisi mmoja anayesinzia. Évariste alikuwa bado anabebwa mgongoni gari lilipopotea. Alilijua kwa picha tu.

"Mama, shuka, tuongee."

"Weye ingia kwanza. Jua iko kali."

Mama akasogea. Évariste akaingia, akauvuta mlango, akaupiga, akaupiga tena. "Mulango gani huu? Iko na ugonjwa?"

Chadrack akashuka, akazunguka, akamfungia, akarudi kwenye usukani.

"Alors, Mama? Uliiona?"

"Niliiona."

Chadrack akaanza kuzipanga shanga kwenye kioo.

"Iko fasi gani?"

"Ku Panda. Balishaikata, mwana. Balitengeneza nayo masufuria. Leo motokari ya baba yako inapika bukari."

"Yote?"

"Yote. Hata mifuniko."

Évariste aliinamisha kichwa. Akakaa kidogo, akambusu mama yake, akashuka kwenda kumwamsha polisi.

Chadrack alishusha pumzi. Huyo aliyemdanganya Mama kule Panda, aliwaza, Mungu ambariki na kizazi chake.

Mama naye alianza kushuka. Chadrack akakimbia kulizunguka gari ili amfungie. Hakuwahi. Mama alikuwa ameshauinua mlango kidogo kwa kiganja, akausukuma kwa nyonga, nao ukafunga mara moja, bila kelele, kama alivyoufunga tangu siku ya kwanza.

"Kesho utanipeleka ku misa," alisema. "Na kitenge umurudishie muke wako. Ile kitundu ya Marlène, minye nilishazoea kuikalia."